Chokaa Haiungui: Mapambo na Moto katika Nyumba za Mji Mkongwe

(Hotuba kwa wenye nyumba, mafundi na wenye hoteli, Unguja)

Assalaam alaykum. Wazee wangu, masheha mliofika, mafundi, wenye nyumba, na nyinyi wenzetu wa hoteli, karibuni, na ahsanteni kwa kuja mchana wa jua kali kama huu.

Nimeombwa nizungumze juu ya mambo mawili: namna ya kuzipamba nyumba zetu za zamani wakati huu mji unapojengwa upya, na namna ya kuzikinga na moto. Aliyeniomba alidhani ni mada mbili, akanipangia na muda wa mada mbili. Mimi nitazisema kama moja. Katika kazi hii ya kusimamia ukarabati nimeona kwamba kinachowaka ndani ya nyumba ya Mji Mkongwe, aghalabu, ni kile tulichokileta sisi wenyewe na kukiita mapambo. Na mwenye nyumba akikaa na fundi, mazungumzo huanza na rangi, yakaenda kwenye taa, yakaenda kwenye vigae vya chooni. Moto hutajwa siku ya mwisho, mtu wa leseni akishabisha hodi. Hapo hununuliwa mitungi miwili myekundu ya kuzimia moto, ikatundikwa nyuma ya mlango, na kazi ikahesabiwa imekwisha.

Tuitazame kwanza nyumba kama wazee walivyoiacha. Ukuta ni wa matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi. Chokaa ile imezaliwa motoni: mawe yamechomwa kwenye tanuri la magogo, yakazimuliwa kwa maji, yakalazwa, ndipo yakaja ukutani. Ukuta wa namna hiyo hauungui. Ukiuacha kwenye moto mkali wa muda mrefu, nyuzi joto 800 na kuendelea, jiwe lenyewe litaanza kuoza, na ukilimwagia maji ya baridi likiwa la moto litapasuka. Lakini halitoi ndimi za moto wala halibebi moto kuupeleka chumba cha pili. Juu ya kichwa chako ziko boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu ya boriti mawe, juu ya mawe tabaka nene la kokoto na chokaa lililopondwa mpaka likashikana. Boriti ni mti, sibishi. Lakini ni mti mzima, mgumu, uliobanwa na mawe. Mti mgumu huliwa na moto kwa mwendo wa kama nusu milimita kwa dakika, na mkaa unaojifanya nje huukinga moyo wake. Dakika 30 zimeshapita na umepoteza sentimita moja na nusu tu. Wangapi wetu tunaweza kusema hivyo kuhusu dari ya plaiwudi?

Tena vyumba vile ni vyembamba, mita mbili na nusu au tatu upana, kwa sababu urefu wa boriti hauruhusu zaidi. Kila chumba ni kasha la mawe. Katikati kuna behewa, yaani ua wa ndani, lililo wazi mpaka mbinguni, na moshi ukitoka chumbani unapanda na kwenda zake. Wazee hawakuandika popote kwamba huo ni mpango wa kuzuia moto. Walikuwa wanatafuta kivuli, upepo na sitara. Lakini ndivyo ulivyofanya kazi. Palipokuwa dhaifu panajulikana: paa la mabati lenye kenchi za mbao kavu, ngazi ya mbao, na roshani zile zenye nakshi za kukatwa kama lesi, mbao nyembamba, zikitazamana na roshani ya jirani juu ya kichochoro ambacho watu wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu.

Sasa tuje kwetu. Nyumba ya familia moja inakuwa hoteli ya vyumba kumi na tano. Sina ugomvi na hilo. Nyumba isiyoingiza pesa hapa mjini huanguka, na tumeziona zikianguka. Ugomvi wangu ni na vitu vidogo.

Kitu cha kwanza ni tundu la kiyoyozi. Fundi anakuja na drili, anatoboa ukuta wa nusu mita, tundu la kuingia ngumi. Anapitisha bomba mbili na waya. Nafasi iliyobaki pembeni anaipulizia povu la kwenye kopo, lile la manjano. Linavimba, anakata kilichozidi kwa kisu, anapaka rangi juu, na kwa macho pamependeza. Povu lile linawaka. Ukuta uliokuwa tayari kuuzuia moto kwa saa kadhaa sasa una mlango wa ukubwa wa ngumi, na moshi hauhitaji mlango mkubwa kuliko huo. Nenda kachunguze nyumba yenye vyumba kumi na tano uhesabu matundu. Dawa yake ni rahisi mpaka mtu anaona aibu kuieleza: chokaa na kokoto ndogo, ushindilie kutoka pande zote mbili. Fundi atakwambia kesho ikibidi kulitoa bomba itakuwa kazi. Mwambie ni kweli, na umlipe kazi hiyo.

Kitu cha pili ni dari ya uongo. Mwenye nyumba anaona boriti zimeingia weusi, anaziona za kizamani, anazifunika kwa plaiwudi au hadibodi ili apate pa kuweka taa za kuzama. Hapo ametengeneza uwazi wa futi moja unaopita juu ya vyumba vyote bila ukuta wa kuukata. Humo ndani zinalazwa nyaya, viungo vyake vimefungwa kwa tepu, na taa inayopata moto imelalia mbao. Moto ukianzia humo mnakuja kujua ukishafika ngazini. Boriti ziachwe zionekane. Zisuguliwe, zipakwe chokaa nyeupe kama zamani. Mgeni amesafiri kutoka Ulaya kuja kuziona hizo hizo. Ikibidi kabisa kuwe na dari, iwe ya jipsamu, na ukuta wa kila chumba upandishwe mpaka ukutane na boriti.

La tatu ni behewa. Mvua inasumbua, basi behewa linafunikwa kwa karatasi za plastiki ngumu zinazopitisha mwanga. Chini panakuwa mapokezi mazuri, makochi, kapeti, vitambaa vimening'inizwa. Na lile bomba la moshi walilotuachia wazee limezibwa kifuniko. Moshi wa jiko utapanda, utagota juu, utarudi kutanda kwenye veranda za ghorofa zote, na milango ya vyumba vyote inafungukia kwenye veranda hizo. Ukitaka kufunika, acha ubavu wazi pande zote chini ya kifuniko, au weka madirisha ya juu yanayofunguka kwa kamba kutoka chini. Kamba, si mota. Umeme ndio wa kwanza kuondoka.

Nikitaja umeme, wengi wenu mnaikumbuka giza ile ya kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipopata hitilafu. Kila mwenye uwezo alinunua jenereta. Umeme ulirudi, jenereta zikabaki, na nyingi zipo chini ya ngazi pamoja na dumu la petroli. Ngazi yenyewe ya mbao, na ndiyo njia pekee ya kutokea. Hilo naliacha hapo, kila mtu aende akatazame chini ya ngazi yake.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye jambo ambalo watu hawalipendi, hasa mafundi wangu: wakati wa hatari kuliko wote kwa jengo la kale ni wakati linapotengenezwa. Uingereza kulikuwa na jumba la Uppark, la karne ya 17. Tarehe 30 Agosti 1989, zikiwa zimebaki siku mbili tu kumaliza kazi, tochi ya gesi ya fundi aliyekuwa akitengeneza bamba za madini ya risasi za kwenye paa ililiwasha paa lote. Glasgow, skuli ya sanaa aliyoisanifu Charles Rennie Mackintosh iliungua Mei 2014: gesi ya kopo la povu la kupuliza ilikutana na joto la projekta. Mtambo wa kuzima moto ulikuwa ndio kwanza unawekwa, bado haujawashwa. Wakaanza kuijenga upya, na Juni 2018, ikiwa mikononi mwa mafundi, ikaungua tena, safari hii ikabaki kuta. Paris, Notre-Dame ilikuwa imezungukwa na majukwaa ya ukarabati siku ilipoungua, tarehe 15 Aprili 2019. King'ora kililia mapema. Mlinzi akapelekwa kwenye dari ambayo siyo, na nusu saa ikapotea hivyo, huku mbao za mwaloni za karne ya 13 zikishika moto juu ya vichwa vya watu.

Na kisa kinachotuhusu zaidi sisi watu wa rangi na nakshi ni cha Japan. Katika hekalu la Hōryū-ji, mojawapo ya majengo ya mbao ya kale zaidi duniani, wachoraji walikuwa wakinakili michoro ya ukutani ili isipotee. Alfajiri ya tarehe 26 Januari 1949 moto ukazuka mle mle, na michoro iliyokuwa ikinakiliwa ikaharibika. Kifaa cha umeme cha kuwapasha joto wachoraji kilitiliwa shaka. Wajapani hawakuishia kusikitika. Mwaka uliofuata walitunga sheria ya kuhifadhi mali za utamaduni, na tangu 1955 kila tarehe 26 Januari mahekalu na makasri nchi nzima hufanya mazoezi ya kuzima moto.

Kwa hiyo kwenye kazi zetu hapa, tukiwa tunapamba, mimi hudai mambo yafuatayo, na fundi asiyeyataka hatufanyi kazi pamoja. Kuchomelea, kukata chuma kwa grainda na kuchubua rangi kwa tochi ya gesi havifanyiki bila kibali cha siku hiyo hiyo, kilichoandikwa, chenye jina la mtu na saa. Kazi hiyo inakoma mapema, na mtu anabaki saa nzima baada yake akizunguka na tochi ya mkononi na ndoo, akinusa. Cheche inaweza kujificha kwenye ufa wa mbao ikakusubiri mpaka umeenda kulala. Rangi ya zamani kwenye milango na madirisha huenda ina risasi, kwa hiyo hata bila habari ya moto kuichoma ni kuuvuta ule moshi wa sumu. Ikwanguliwe kwa dawa na mkwaruzo. Thina na vanishi hazilali ndani ya jengo. Turubai za nailoni za kwenye jukwaa zisifike kwenye roshani ya jirani.

Halafu vitambaa. Seremala akimaliza kuupaka mlango mafuta ya linsidi, ana lundo la vitambaa vilivyolowa. Anavikunja, anavitupa kwenye pembe juu ya mabaki ya randa, anafunga mlango, anakwenda zake wakati wa Magharibi. Mafuta yale yanapokauka yanatoa joto, na katikati ya lundo joto halina pa kutokea. Ukitia mkono baada ya muda utahisi uvuguvugu, kama mgongo wa paka aliyelala juani. Baadaye utaona moshi, na usiku moto, wala hakuna aliyewasha kibiriti. Vitambaa vianikwe kimoja kimoja nje kwenye kamba, au vitiwe kwenye kopo la maji lenye kifuniko. Gharama yake ni kopo.

Nakuja kwenye mapambo yenyewe, maana najua wenye hoteli mnasubiri niwaambie mpake nini.

Ukutani, chokaa. Itiwe rangi ya udongo ukitaka manjano au wekundu. Haiungui, na inauacha ukuta upumue, maana matumbawe yana chumvi na unyevu, na rangi ya plastiki ikiufungia unyevu ndani inavimba na kubambuka baada ya masika mawili. Rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka ni mbaya zaidi: kuta za ngazi zilizopakwa kila mwaka kwa miaka arobaini zimevaa koti linalowaka. Likwanguliwe kabla hujapaka jipya. Hapa pambo lenye thamani na kinga ya moto ni ndoo moja ile ile, na ndiyo rahisi kuliko zote dukani. Tabu yake ni kwamba inataka fundi anayeijua na inataka kurudiwa.

Milango ya nakshi ni suala gumu zaidi, na hapa wataalamu wenzangu wengine hatukubaliani. Kuna rangi na vanishi zinazovimba motoni. Joto likifika kama nyuzi 200 hivi zinafura na kuwa povu la mkaa linaloukinga mti chini yake. Ni kitu kizuri, na kwenye kenchi za paa nakipendekeza. Lakini ili ifanye kazi hupakwa nene, na unene ule unajaza nakshi. Ua la yungiyungi aliloacha mchongaji linakuwa uvimbe tu. Nyingi pia hazikutengenezwa kwa jua na mvua na upepo wa chumvi. Zile dawa za aina ya chumvi, za kuuloweka mti, hufyonza unyevu wa hewa yetu na kuila misumari ya shaba na chuma. Msimamo wangu: mlango wa barabarani, wa msaji au mvule au mfenesi, uacheni. Ni mti mnene, na nje si mahali moto unapoanzia. Pesa hiyo ipelekeni kwenye milango ya ndani inayofungukia ngazini. Chimba mfereji mwembamba kwenye miimo na kizingiti cha juu, ingiza ukanda unaovimba motoni, ubao urudishiwe rangi yake, hatambui mtu kama kuna kitu. Joto likija ukanda unaziba upenyo wote pembeni mwa mlango. Tia na kifaa cha kuufunga mlango wenyewe, na usiniwekee jiwe la kuuzuia.

Vitambaa vinapuuzwa kuliko vyote. Kasri la Windsor liliungua tarehe 20 Novemba 1992 kwa sababu taa kali ilikaa kwenye pazia. Pazia moja, vyumba zaidi ya mia vikaharibika, na ukarabati ukala pauni milioni 36.5. Sasa fikiria chumba chetu cha fungate: kitanda cha samadari, chandarua cha nailoni, shashi imening'inizwa kwenye boriti, na taa ndogo yenye kubana iliyofungwa kwenye nguzo ya kitanda. Vitambaa vizito vya sufu vinachelewa kushika moto kuliko nailoni nyembamba, na taa iwe ya baridi, ikae mbali na kitambaa hata kikipeperushwa na feni.

Mtaniuliza: na pale ambapo pambo lenyewe ndilo kuni, na haliwezi kubadilishwa? Swali la haki. Jirani zetu Uganda walikutana nalo. Makaburi ya Kasubi, Kampala, walikozikwa wafalme wa Buganda, nyumba kubwa ya Muzibu Azaala Mpanga, iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Paa la nyasi, ndani vitambaa vya magome ya mti, pete 52 za paa kwa koo 52 za Baganda. Huwezi kumwambia Muganda aweke mabati pale. Nyumba imejengwa upya kwa nyasi na kwa miiko ile ile, na mwaka 2023 ikaondolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kilichobadilika ni kilichopo pembeni yake. Mradi uliofadhiliwa na Japan kupitia UNESCO ulileta vifaa vya kuzimia moto na mafunzo. Ni Wajapani wale wale wa Hōryū-ji. Kwao kuna kijiji cha Shirakawa-gō, mapaa yote makubwa ya nyasi, na kila mwaka wanakijiji hufungua mabomba ya maji yaliyofichwa kwenye vibanda, maji yakaruka juu ya kijiji kizima. Watalii huenda kutazama. Zoezi la zimamoto limekuwa tamasha.

Sisi gari la zimamoto halipiti vichochoroni, na halitapita, kwa sababu hatutabomoa mji ili gari lipite. Basi maji ndiyo yaende kwenye nyumba: koki za zimamoto kwenye viwanja vya wazi, mipira mirefu kwenye masanduku, pampu ndogo za kubebwa na watu wawili ambazo zinaweza hata kunyonya maji ya bahari tukiwa karibu na ufukwe, na vijana wa mtaa waliofundishwa kuzitumia. Na mapaa yazungumze. Lamu wana wikio, vile vyumba vya daraja vinavyounganisha nyumba mbili juu ya njia. Sisi hata bila wikio, makubaliano ya maandishi kati ya jirani na jirani kwamba mlango wa paa haufungwi kwa kufuli yanatoa njia ya pili ya kutokea kwa gharama ya karatasi.

Tahadhari moja kwa watakaokimbilia kuweka matangi juu. Tangi la lita elfu moja likijaa ni tani moja, na boriti ambazo ncha zake zimeoza ndani ya ukuta hazitakuambia kabla. Beit al-Ajaib, jengo la Sayyid Barghash la mwaka 1883, halikuguswa na moto wowote siku lilipoporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha, Mungu awarehemu. Tangi likae chini, au juu ya ukuta mnene baada ya mhandisi kuufungua na kuutazama.

Nimebakisha makuti ya mikahawa ya juu ya mapaa, na nimeyaacha mwisho makusudi. Najua upepo wa kule juu, na najua machweo yanauza. Lakini tunazungumzia majani makavu, juu ya jiko la gesi, kwenye paa ambalo mpira wa maji haufiki, katikati ya mapaa mengine yanayogusana. Dawa ya kupulizia makuti ipo, na mvua inaiosha. Masika yakipita umerudi ulipokuwa. Nimewasikia wanaosema tuyaruhusu kwa masharti. Mimi nasema juu ya jiko yaondoke kabisa, pabaki mabati au zege, na jiko litenganishwe na wateja kwa ukuta wa mawe. Upande wa wateja tunaweza kujadiliana: turubai lisiloshika moto haraka, au makuti kidogo yenye nafasi wazi mpaka kwa jirani na bomba la maji lenye presha pale pale.

Naona mikono imeshaanza kuinuka kule nyuma. Maswali tuanze na wenye mikahawa.